Mtoto wa Ubavu wa Kushoto

Mama yangu ndiye aliyemwona wa kwanza, na mama haoni. Macho yake yaliingia ukungu zamani, likaanza moja likafuata la pili, na tangu hapo watu anawajua kwa viganja. Ukifika kwake Kitaya haanzi na salamu. Anakushika uso, anashuka mabegani, anakupapasa mpaka vidoleni, halafu ndipo anasema, "Eeh, umekuja." Kabla macho hayajamtupa alikuwa mkunga, na nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake ikiwa bado na utelezi. Kwa hiyo msimu ule wa korosho, nilipokwenda kumsaidia kuokota nikashindwa hata kuinama, alinikalisha mkekani, akaingiza mkono chini ya blauzi yangu, akautuliza upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu. Akatabasamu.

"Somoe, mwanangu. Una mtoto humu."

"Mama! Nina miaka arobaini na minne."

"Kwani tumbo linasoma kalenda? Ila kakaa vibaya. Kapanda juu. Atashuka tu."

Naandika haya kwa ajili ya mtu mmoja, yule aliyekaa leo kwenye benchi la hospitali na bahasha ya kahawia mapajani, ametajiwa ugonjwa ambao hajawahi kuusikia, na anaogopa kurudi nyumbani kuutamka. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa darasa la pili hapa Mikindani, mdomo wangu hauna breki, na mambo ya ndani ya damu nayajua kwa kuyapitia tu. Nitakusimulia ilivyokuwa. Kinachokufaa chukua, kisichokufaa niachie mwenyewe.

Basi, nilimwamini mama. Ungekuwa wewe usingemwamini? Damu ya mwezi ilikuwa inakuja inapotaka. Nilikuwa nachoka uchovu wa ajabu, nasahihisha madaftari huku kichwa kinadondoka. Nikila matonge mawili nimeshiba, kama vile kuna mtu ametangulia kula. Mimba ya Zuhura, binti yetu wa pekee ambaye sasa yuko chuoni Dodoma, ilianza hivyo hivyo. Baada ya Zuhura tulisubiri mwingine, tukasubiri, mpaka tukaacha hata kulizungumzia.

Nilipomwambia mume wangu Athumani, alinawa mikono. Athumani ni mtu wa Tanga, anaendesha mitambo ya kupakia mizigo bandarini, na maneno kwake ni ya kuchimba kama kisima. Akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji analia huku anacheka, na aliponiona akajifanya anakagua koki. Wiki ile ile akaleta mbao za mninga, akaanza kuranda kitanda kidogo uani. Vumbi la mbao lilikuwa linaingia mpaka jikoni na wala sikumgombeza.

Mimi nikaanza kuongea na mtoto. Nilimpa jina la Mgeni. Kila alasiri nikitoka shule nilijilaza kwenye kochi la dirishani, na kabla usingizi haujanichukua sawasawa nilikuwa nimeshafika mtoni, kule Ruvuma inakomwaga maji baharini. Pana visiwa vya mchanga pale ambavyo havitulii, leo unakiona hapa, mwezi ujao kimehamia ng'ambo. Mgeni alikuwa amekaa kwenye kimoja, amenipa mgongo, anachezea maji. Maji ya upande wake huu matamu, ya upande ule chumvi. Nikimwita anaitika, lakini hageuki. Nikishtuka nakuta jua limeshazama na shingo imelowa jasho, na mkono wangu uko pale pale ubavuni.

Dalili zilikuwepo, usidhani hazikuwepo. Miguu ilijaa madoa ya buluu, na sikujigonga popote. Nikipiga mswaki natema wekundu. Kwapani palitoka jipu likakaa, halipasuki wala halikauki. Kila moja nililitafutia kisingizio, maana mimba hubeba lawama za kila kitu. Jamani, mtu akitaka jambo, anajiongopea kwa ufundi ambao hakujua anao.

Mvua za kwanza zilipoanza nikaenda kliniki, na Athumani akaomba ruhusa kazini anisindikize. Alibaki nje barazani na mfuko wa ndizi mbivu. Ndani, kijana wa altrasaundi alinipaka ule ute wa baridi, akapitisha kifaa chini ya kitovu. Akarudia. Akapanda juu.

"Mama," akasema taratibu, "nani alikwambia una mimba?"

"Mama yangu."

Akanigeuzia kioo. "Mji wa mimba hauna kitu. Hii hapa ni bandama. Imevimba, imeshuka mpaka huku."

Nilitazama. Lilikuwa wingu la kijivu, kubwa, limetulia, limelala ubavuni kwangu mahali pale pale nilipokuwa napapasa kila alasiri. Nikauliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya.

"Liko hai?"

Yule kijana hakunicheka. Alichukua karatasi laini akanifuta tumbo mwenyewe, pole pole, kama anafuta mtoto. Mungu ambariki popote alipo.

Nje nikamwambia Athumani hakuna mtoto. Alinimenyea ndizi, akanipa. Tulikula, mimi nusu, yeye iliyobaki. Jioni tuliporudi nyumbani alikifunika kile kitanda kwa turubai na hakukigusa tena.

Bandama kubwa huku kwetu si ajabu, kila mtu ana shangazi aliyekuwa nayo. Hospitali ya mkoa wakapima malaria, hakuna. Kichocho, hakuna. Wapo waliotaka nipelekwe kwa bibi mmoja anichanje chale juu ya uvimbe, apake dawa, na mama mwenyewe alikuwa upande wao. Daktari wa pale aliposikia aliruka kitini. "Damu yake haigandi! Mkimchanja mtaimwaga yote!" Damu yangu yote ilikuwa imepungua, akasema, nyekundu, nyeupe, na ile inayoziba vidonda, na hakuelewa imekwenda wapi. Akaniandikia Dar es Salaam. Bima ya ualimu ilibeba, alhamdulillahi, kwa hiyo habari za pesa tuziache.

Sasa nikwambie kuhusu kungoja, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni mfupi, kungoja ndiko kurefu. Benchi la hospitali kubwa lina watu wake. Utajifunza nani akipitisha kichwa mlangoni anaita majina na nani anatafuta chai. Utakaa na mtu asubuhi nzima mmegusana mabega, mtajuana mpaka habari za wakwe, halafu ataitwa na hutamwona tena. Mimi nilikaa na mama mmoja wa Rufiji ambaye kila nikisinzia alinivutia kichwa begani kwake bila kuuliza. Kanga yake ilikuwa inanuka karafuu. Siku moja sikumkuta, na sikuthubutu kumuuliza mtu.

Wakanitoboa mfupa wa nyonga wavute uboho. Sindano ikavutwa, ikaja tupu. Wakajaribu tena, tupu. "Mfupa wako umegoma," akasema daktari, dada mdogo mwenye sauti ya upole, ikabidi amegue kipande chenyewe. Inauma? Inauma. Ni maumivu ya kushangaza zaidi kuliko ya kulia, kama mtu anakuvuta kwa kamba kutoka ndani ya mguu. Muuguzi alinishika mkono, na kabla hajanishika alivisugua viganja vyake vipate joto. Hilo nalikumbuka kuliko sindano.

Majibu yalikuja masika yameshika. Yule dada daktari hakunisomea karatasi. Alinipeleka kwenye hadubini akaniambia nichungulie. Niliona viduara vya zambarau, na pembeni vimeota vinyweleo, kama kitunguu kilichong'olewa na vimizizi vyake.

"Hizo ndizo zinazojaza bandama yako na mifupa yako," akasema. "Ni saratani ya damu, Mwalimu. Ile ya polepole. Na aina hii ni nadra sana, mimi mwenyewe nimeiona mara chache."

Nadra! Nikajiona nimepewa cheo ambacho sikukiomba. Nikakaa kwenye kiti chake.

"Ina dawa?"

"Ina dawa, na huwa inasikia dawa. Lakini nisikilize vizuri. Dawa itafagia zote, mbaya na nzuri. Utakaa wiki kadhaa huna ulinzi wowote mwilini. Dawa yenyewe siiogopi. Ninachoogopa ni mafua ya jirani yako. Ukivuka hizo wiki, utaishi. Mtu mwenye kikohozi, mwenye homa, mikono ya watu, mikusanyiko, yote hiyo marufuku mpaka damu ipande."

Nikaitikia. Sikujua nimekubali kitu kizito kiasi gani kwa mtu wa Kitaya.

Dripu ilikuwa ya wiki nzima. Dawa yenyewe haina rangi wala harufu, unaweza kudhani wanakutia maji ya mvua. Nje mvua ilikuwa inanyesha mfululizo na ndani tone linafuata tone, mpaka nikawa sijui lipi ni la nje na lipi ni la kwangu. Nililala nikaamka, nikalala. Kila nikifumba macho nipo mtoni, na mto umefura, mwekundu wa udongo, unakula kile kisiwa cha mchanga pembeni pembeni. Mgeni amekaa pale pale, anasogea katikati kila mchanga unapomeguka. Nitasema wazi hata kama utaniona mwehu: nilimlilia. Nilijua hayupo, nilioneshwa kwenye kioo kwamba hayupo, lakini ubavu wangu ulimzoea, na sasa nilikuwa nimelala pale nimenyoosha mkono wanitilie kitu cha kumwondoa. Muuguzi aliuliza nalia nini, nikasema dripu inawasha.

Nilirudi Mtwara kwa ndege, barakoa usoni, na orodha ya masharti kichwani kwa Athumani. Hapo ndipo mume wangu aliponionesha mapenzi yake na ujinga wake kwa pamoja. Alipiga chumba deki kwa dawa, akaweka wavu mpya dirishani, akawa ananipikia mwenyewe, uji, maji yaliyochemshwa, kila kitu kimechemshwa. Halafu akachukua ubao akaandika kwa rangi nyekundu, akautundika getini: MGONJWA HAONWI.

Loh! Kwetu mgonjwa anaonwa. Ndiyo kazi yake ya kwanza. Watu wanakuja, wanakaa, wanakushika paji la uso, wanakushika miguu, wanasema pole, wanakula, wanalala, na anayekaa kwake bila kuja ndiye anayetakiwa ajieleze. Ndugu zangu walitoka Kitaya asubuhi na unga wa muhogo na kuku wamewafunga miguu, wakafika getini, wakasomewa ubao. Nilikuwa nawasikia kutoka kitandani. Hawakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Waliweka mizigo chini, wakakaa kivulini kidogo, wakaondoka na kuku wao.

"Umewafukuza watu wangu," nikamwambia Athumani.

"Nimekulinda."

"Kwetu mgonjwa haachwi peke yake."

"Kwenu mgonjwa anauawa kwa kupewa pole!" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti hivyo. "Unataka wakuone mara ngapi, Somoe? Mara moja halafu wakuzike?"

Tulinuniana, chumba kimoja, yeye barakoa mimi barakoa.

Habari ikafika Kitaya imeota mapembe. Mbona hawatuoneshi mtu? Kumbe ameshakufa. Hapana, hajafa, wamemgeuza ndondocha. Kama hujui, ndondocha ni mtu aliyechukuliwa na wachawi, ulimi umekatwa, amefichwa mahali anatumikishwa kama punda, hacheki wala hasemi, na nyie huku mmezika gogo la mgomba. Watu wazima, wenye akili zao, walikaa wakakubaliana kwamba mtu wa Tanga amenifanya ndondocha. Na maneno hayo yakamfikia mama yangu.

Aliyetangulia kuja ni Chande. Chande ni mtoto wa mjomba wangu, analima mpunga kando ya mto, na kwetu mtoto wa mjomba ni mtani. Mtani akikukuta umelala hoi anakuuliza mbona unachelewa kufa, na huna ruhusa ya kununa. Akimtaka kuku wako, keshamchukua. Msibani ndiye anayelala mbele ya jeneza, halipiti mpaka apewe chake. Neno ambalo ndugu akilitamka ukoo unapasuka, mtani akilitamka watu wanacheka wanakwenda zao.

Alisimama getini akausoma ule ubao kwa sauti. Akaung'oa. Athumani akatoka mbio.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye mwenye maiti," akasema Chande. "Yuko wapi? Bado anapumua? Basi nitangoja."

Athumani alitaka kumpiga. Ilibidi nipige kelele dirishani, "Mwache! Huyo mtani wangu!" na nikamweleza Chande kwa dakika chache alichosema daktari: wiki hizi, mikono, mafua, kifo. Alisikiliza ametulia kabisa, na sikuwa nimezoea kumwona hivyo. Kisha akaenda akakaa juu ya ndoo mlangoni, na hapo akawa mlinzi.

Nakwambia nilipona kwa dawa na nilipona kwa matusi. Watu walikuja na Chande aliwatimua wote, hakubakisha. "Mnakwenda wapi? Mali yangu hiyo, hafi mpaka niamue!" Shangazi mmoja alikuja na kuku na chafya. "Kuku lete. Chafya peleka kwako. Ukipiga nyingine hapa nakuoa, na mimi sina godoro." Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta, akatoa pole yake kutoka getini kwa sauti ya kusikika bandarini, akarudi zake. Hakuna aliyekasirika. Kule nyumbani wakasema Chande kakalia mlango, huwezi kupita, na hilo watu walilielewa. Athumani alikuwa anasimama kwenye pazia anasikiliza, mdomo wazi.

Halafu homa ikanipata hata hivyo. Alasiri moja mwili ulianza kutetemeka, Athumani akapima, akanibeba kama gunia mpaka kwenye gari. Siku zilizofuata hospitalini sina hesabu yake. Sindano za mishipa, sauti za mbali, dari. Nilikuwa mtoni muda wote. Maji yalikuwa yamefunika kila kitu, bahari na mto havina mpaka, vyote vya kijivu, na kisiwa hakipo. Nikaita Mgeni. Nikaita tena. Nikakaa majini, maji vuguvugu yananifika kifuani, nikaita mpaka sauti ikaisha. Nilipofumbua macho homa ilikuwa imeshuka, na Athumani amelala kwenye kiti, kichwa ukutani, barakoa imempanda machoni. Sijamwona Mgeni tena tangu siku ile.

Nilirudi nyumbani mwembamba kama mwiko, na damu bado haijapanda vya kutosha. Wiki hiyo hiyo mama akaja. Hakumwambia mtu, alimwomba jirani aliyekuja mjini na gari. Kikohozi chake nilikisikia kabla ya sauti yake, kikohozi kizito cha kifua.

"Somoe yuko wapi?"

"Niko hapa mama. Dirishani."

Alikuja akipapasa ukuta mpaka chini ya dirisha. Akanyoosha mkono juu. "Toa mkono."

"Mama, haiwezekani," Athumani akasema. "Una kikohozi. Daktari amesema..."

"Sikuongea na wewe, mtu wa Tanga." Akabaki amenyoosha mkono, vidole vimefunguka. "Sauti nimeisikia. Sauti hata kwenye simu ipo. Wachawi wanaweza kuiga sauti. Mtu wangu yuko wapi?"

"Mama, ni mimi."

"Basi nipe nikushike."

Nilimtazama. Tangu macho yamtupe, mwanamke yule hakuwahi kunijua kwa njia nyingine ila kiganja. Nilielewa kwamba amekuja kuhakikisha kama anizike au asinizike. Nilitaka kuutoa mkono. Kweli tupu, nilishaushika wavu pembeni nikaanza kuubandua, msumari mmoja ukatoka. Kikohozi kikamshika tena, akainama, na mkono hakuushusha.

Chande akaliona lile. Akaja kati yetu.

"Shangazi, achana naye huyu. Ameshanitesa vya kutosha. Nilimchimbia kaburi nikamkadiria kwa ule unene wake wa zamani. Sasa kakonda, kaburi pana, watu wawili wanaenea! Nikamwambia huyu mumewe aingie naye lisiende bure. Anakataa! Mtu gani huyu, mke anasafiri hataki kumsindikiza?"

Halafu Athumani, ambaye katika ndoa yetu yote sijamsikia akitania hata paka, akasema kwa sauti yake ile ile ya kazini, "Sijakataa. Nimekwambia utangulie wewe, ulale, utuambie kama panatosha."

Mtani kajibiwa na mtu wa Tanga! Na mimi kicheko kikanitoka. Kilianza tumboni kikapanda, nikashika dirisha, mbavu zinauma, machozi yananitoka ndani ya barakoa, na kikaishia na ule mkoromo wangu wa puani ambao wanafunzi wangu huuiga nikigeuka ubaoni.

Mama akainua kichwa. Akaushusha mkono.

"Huyo," akasema. "Huyo ni wangu. Kicheko hicho kibaya nilimkataza tangu mdogo." Akakaa chini pale pale, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nnungu wangu, Mungu wangu. Ndondocha hacheki."

Hakutaka kuondoka. Alisema atangoja kikohozi kiishe na damu ipande, vyovyote vitakavyotangulia. Athumani alimtazama alivyokaa kwenye sakafu, akaenda uani. Nilisikia turubai likivutwa. Akazitoa zile mbao za mninga, akazipima kwa macho, akapigilia misumari mpaka jioni. Alipomaliza palikuwa na benchi chini ya dirisha langu, refu, limerandwa vizuri, na mama akaongozwa akakaa. Alilipapasa, ubao kwa ubao.

"Mbao nzuri," akasema. "Zilikuwa za nini?"

"Za kukalia," akajibu Athumani.

Mama akakaa hapo masika yakaisha, upepo ukageuka, na harufu ya salfa ikaanza kutufikia kutoka kwenye mikorosho, watu wanapulizia. Tuliongea kupitia wavu kuliko tulivyowahi kuongea maishani. Chande akarudi kwenye mpunga wake na kuku wangu watatu.

Sijapona ule wa kusema nimepona. Kila baada ya muda natoa damu, nangoja kwenye benchi, na daktari ameniambia kitu hiki kinaweza kurudi, na kikirudi tutaanza tena. Naogopa kila safari. Usimwamini anayekwambia haogopi. Lakini nimerudi darasani, na ukipata wiki zako za kufungiwa ndani, tafuta wako wa kukaa mlangoni. Kama ukoo wako hauna mtani, azima.

Siku simu ya daktari ilipokuja, Athumani aliiweka sauti ya juu tusikie wote. Damu imepanda. Mama hakuwa amekohoa kwa muda mrefu. Alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akarudia bila kuambiwa, akaingia chumbani ananyoosha mikono mbele. Nikakaa mkekani alipotaka nikae. Akanishika uso, akakaa sana kwenye mashavu yaliyobonyea. Akashuka mabegani, mikononi, vidoleni kimoja kimoja. Halafu akaingiza mkono chini ya blauzi, kushoto, chini ya mbavu, pale pale.

Palikuwa laini. Akabonyeza, akatafuta juu, akatafuta chini, uso wake umegeukia dirishani. Nilijua anachotafuta, na mimi nilikuwa namtafuta naye. Athumani alikuwa mlangoni, ameinamisha kichwa.

"Hayupo," mama akasema polepole.

"Hayupo, mama."

Hakuutoa mkono. Na hapo chini ya kiganja chake tumbo langu likanguruma, mngurumo mrefu wa aibu, ambao sikuwa nimeusikia tangu msimu ule wa korosho.

Mama akashtuka. Akasikiliza kwa vidole. Kisha akageuza uso mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakumwita mtu wa Tanga.

"Baba Zuhura, mwanangu. Huyu ana njaa."

Athumani akakimbilia jikoni. Palikuwa na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, imechemshwa, bado ya moto. Nilikula tonge la kwanza, la pili, la tatu, na mama ameniwekea mkono wake ubavuni muda wote, anahesabu yanavyoshuka.